Mkono Uliochomoza kwenye Injini ya Mama Sekela

Vijana wangu wa gereji, mkinikuta siku hizi nimekaa barazani kwangu hapa Tukuyu, mikono misafi kama ya karani wa posta, msidhani ndivyo nilivyozaliwa. Kucha zangu zilichukua miaka miwili baada ya kustaafu ndipo zikarudia rangi aliyozikusudia Mungu. Kabla ya hapo nilianzia karakana ya kiwanda cha chai, halafu nikafungua gereji yangu, na kazi yangu ilikuwa moja tu, injini. Sikugusa umeme, sikugusa bodi. Mtu akiniletea mlango usiofunga nilimwelekeza kwa fundi seremala.

Sasa mnanijia kuniuliza habari za injini za kizamani, nikijibu swali moja mnaondoka mkisema mzee Ambakisye alikuwa hatari. Naona niwaharibie hiyo sifa mapema. Nitawasimulia kazi niliyoaibika kuliko zote, kwa sababu zile nilizofaulu sijajifunza kitu kutoka kwazo. Ukifaulu unakwenda kula. Ukishindwa ndipo unaanza kufikiri.

Gari lilikuwa la Mama Sekela wa Kinyala, kule juu mlimani. Pikapu ya petroli, silinda nne, ya zamani kiasi kwamba ukifungua boneti unaona injini, na nafasi inayobaki unaweza kuingiza miguu yote miwili ukasimama humo ndani ukafanya kazi. Marehemu mumewe alilinunua kwa mapadri waliokuwa wanarudi kwao. Alipofariki, lilikaa miaka miwili bandani kando ya migomba, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Ndipo Mama Sekela, ambaye alijifunza kuendesha gari akiwa tayari na wajukuu, akawahamisha kuku, akafunga betri mpya, akaanza kubeba maziwa ya kikundi cha kina mama wafugaji. Kila asubuhi alipita kukusanya keni za maziwa, akashuka nazo mpaka kituo cha kupozea hapa mjini. Kina mama walimpenda kwa sababu hakuchelewa, na hakuendesha kama anafukuzwa na nyuki.

Aliponiletea gari mara ya kwanza lilikuwa linatoa moshi wa buluu kama jiko la kuni mbichi. Kwenye mwinuko lilisimama kidogo, kana kwamba linafikiri kama safari ina faida. Nikapima mgandamizo wa injini, nikaona ringi za pistoni zimekwisha, silinda zimepanuka. Lakini nilipoingia chini nilikuta pakavu. Hapakuwa na tone la oili, ila vumbi tu.

"Inakunywa sana, fundi," alisema Mama Sekela, "lakini haikojoi."

Nilicheka. Laiti ningeyaandika maneno yale ukutani.

Nikafanya ovahoo kamili. Bloku likaenda Mbeya kuchongwa, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikasuguliwa, nikafunga pistoni mpya na ringi mpya. Valvu nilizisaga kwa mkono, nikizizungusha huku na huku kama mtu anayewasha moto wa kupekecha. Sili zote mpya, zile pete za mpira zinazozuia oili, na gasketi zote mpya. Na nyie mnaonunua gasketi za seti, mjue nyingine nilizikata mwenyewe kwa karatasi ngumu, naiweka juu ya chuma, naigongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo linatoka lenyewe. Kazi ilikuwa nzuri. Ningeishia hapo, hii hadithi isingekuwepo.

Tatizo ni kwamba fundi akimaliza kazi ngumu huingiwa na shetani wa urembo. Injini nikaipaka rangi ya kijani. Nikaangalia mfuniko wa kumiminia oili juu ya kava la tapeti, lile linalofunika valvu, nikauona umeniharibia picha. Ulikuwa wa bati, mweusi, umezungukwa na vitundu vidogo, na ndani yake umeshindiliwa nyuzi za chuma kama zile za kusugulia masufuria, zimelowa oili nzito kama lami. Nikasema mama wa heshima kama huyu hawezi kuvalishwa kofia ya namna hii. Nikaenda kwa rafiki yangu mchonga vyuma, akanichongea mfuniko wa shaba, unameta, una mpira chini yake, ukiukaza hata sisimizi hapiti. Ule wa zamani nikautupa kwenye boksi la vyuma chakavu.

Kisha ubavuni mwa injini palikuwa na bomba jembamba linaloteremka kutoka kwenye bloku mpaka chini ya gari, ncha yake imekatwa mshazari. Nikalisugua kwa nje, nikalipaka rangi ya fedha. Ndani sikuchungulia. Nilipomkabidhi Mama Sekela gari, watu watatu walisimama barabarani kuiangalia injini, nami nilifungua boneti mara nne bila sababu.

Siku ya tatu, akitoka kushusha maziwa, alisimama mbele ya gereji yangu. Hakuzima gari.

"Ugonile, fundi," akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Habari za Kinyala?"

"Nzuri. Migomba imekubali. Ng'ombe wanakula. Watoto hawajambo." Alizimaliza hizo kwanza, kama ilivyo adabu, habari mbaya isitangulie njema. "Sasa imeanza kukojoa."

Nikainama. Oili ilikuwa inatiririka kutoka kwenye kava la tapeti, inashuka ubavuni juu ya rangi yangu ya kijani, inadondoka kwenye bomba la moshi na kufuka. Nikamwambia ni kitu kidogo, gasketi haijakaa vizuri. Nikaibadilisha siku hiyohiyo, na safari hii nikaipaka silikoni pande zote mbili.

Hapa lazima nimtaje Mzee Mwasaka, aliyenifundisha kazi kule kiwandani. Alikuwa mfupi, mpole, na hakuwahi kumtukana mtu, jambo lililotutesa sana, maana anayekutukana unaweza kumkasirikia. Nilipokuwa mgeni nilifunga kava la pampu nikalipaka gundi nyingi mpaka ikamwagika nje. Akaja, akaibandua kwa ukucha, akanionyesha ukanda mrefu wa gundi uliokuwa umeingia ndani. "Hiki unachokiona nje," akasema, "kingine kama hiki kipo ndani, kinatafuta tundu la oili kikalizibe. Injini si keki, Amba." Akanikabidhi ule ukanda, nikakaa nao mfukoni wiki nzima. Baadaye alinifundisha kwamba kabla ya kuuliza oili imetokea wapi, uulize imesukumwa na nini. Nilikubali kwa kichwa. Kichwa hukubali mambo mengi ambayo mkono hauyajui.

Basi kava la tapeti likakauka kabisa, nikafurahi. Siku mbili baadaye oili ikatokea nyuma, baina ya injini na giaboksi. Hiyo ni sili ya nyuma ya krenki, na kuifikia lazima ushushe giaboksi. Nikaishusha. Giaboksi ya gari lile ilikuwa nzito kama deni la mkwe. Nikaweka sili nyingine, nikarudisha. Nikalaani sili za siku hizi, kwamba ni feki. Ile niliyoitoa niliikunja kidoleni, ikarudi umbo lake bila ufa, bila mkwaruzo. Nikaitupa haraka, kama mtu anayetupa barua asiyotaka kuisoma.

Nyuma pakakauka. Ikatokea mbele, kwenye sili ya puli. Nikabadilisha mbele. Ikarudi juu. Vijana, sikilizeni hili kama hamtasikiliza lingine. Uvujaji unaohama si uvujaji. Ukiziba mlango wa mbele mtu akatokea wa nyuma, ukiziba wa nyuma akatokea dirishani, shida si milango. Ndani kuna mtu anataka kutoka. Leo nayasema haya kwa utulivu. Siku zile niliendelea kununua makufuli.

Na sijasema bado lililo baya zaidi. Ile stiki ya kupimia kiwango cha oili ilianza kuruka. Unaisukuma mpaka mwisho, unaendesha kidogo, unaikuta imechomoka nusu, imetema oili boneti nzima. Fundi mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli nikaifunga chini, nikakaza fundo. Nikajisifu kwa ubunifu.

Kule kwenye kituo cha maziwa mambo yalikuwa yanaharibika. Mpokeaji alikuwa Dada Bupe, mwanamke mwembamba mwenye pua ambayo sijaona mfano wake. Kabla ya kupima kwa vifaa alifungua keni, akanusa, na mara nyingi vifaa vilikuja tu kuthibitisha. Sasa oili yangu ilikuwa inadondoka kwenye bomba la moto, moshi wake unapanda kupitia mbao za bodi ya nyuma, unakaa katikati ya keni. Mifuniko ya keni zile ilikuwa imechoka, na maziwa hayana adabu, hubeba harufu yoyote iliyo jirani. Asubuhi moja Dada Bupe akanusa keni ya kwanza, akafunga. Akanusa ya pili, akafunga.

"Mama Sekela, haya yamepita gereji."

Akazirudisha zote. Maziwa ya kina mama wote wa kikundi, ya kukamuliwa alfajiri kwenye umande, yakapanda tena Kinyala. Mengine waligawana majirani, mengine yakaganda, ndama wakanywa mpaka wakakataa. Siku mbili baadaye yakarudishwa tena.

Kikundi kikaitisha mkutano pale kwenye kibanda chao cha kukusanyia maziwa, nami nikaitwa kueleza. Nilipanda Kinyala nimevaa shati la kanisani. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamejifunga vitenge, wametulia. Mama Sekela alikaa pembeni na funguo za gari mapajani. Mwenyekiti, mama mmoja mzito wa maneno aitwaye Mama Tusajigwe, akaniuliza tatizo ni nini.

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, halihitaji spana. Lakini nilikuwa nimefungua injini ile mara tatu, na jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa gereji. Nikasema, "Injini ni nzima, kina mama, ni kama mpya. Ila injini mpya inataka mguu mwepesi. Dereva anakanyaga mno akipanda mlima."

Vichwa vyote vikageuka kwa Mama Sekela. Yeye alikuwa ananiangalia mimi. Alizungusha funguo mara moja kidoleni, akazishika. Kuna jamaa wa Tukuyu mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alikuwa ameshaomba kazi ile ya kubeba maziwa, na Mama Tusajigwe akasema wampe Mama Sekela wiki moja, baada ya hapo wangemwita yule jamaa. Niliteremka mlima nikijiambia kwamba nilichosema ni cha kitaalamu. Ringi mpya kweli zinataka uvumilivu mpaka zikae. Uongo mzuri huwa na kipande cha ukweli ndani yake, kama chambo.

Siku ya nne ya ile wiki nikapata ujumbe kwamba gari limegoma nyumbani kwa Mama Sekela. Nikafunga spana kwenye mfuko, nikapanda bodaboda. Mvua yetu ya Rungwe ilikuwa imeshapiga mara mbili siku hiyo na ilikuwa inajiandaa kwa ya tatu. Nikalikuta gari uani, limeegeshwa kwenye mteremko, chini yake kipande cha boksi kimelowa oili. Oili ilikuwa imeingia kwenye klachi. Injini inanguruma, gari haliendi.

Mama Sekela alitoka jikoni, akanisalimu vizuri tu, akaniwekea kigoda. Hakusema lolote kuhusu mkutano. Nilitamani aseme.

Zizini alikuwepo bwana mifugo, jina lake Gwamaka, amekuja kumpandikiza mbegu ng'ombe wa Mama Sekela. Alikuwa bado na ile glovu yao ndefu ya plastiki, inayoanzia vidoleni mpaka begani. Alipomaliza aliivua, akanawa, akaja kuangalia mgonjwa wangu, kama watu wa fani mbili wanavyochunguliana kazi. Nikafungua boneti. Akaiangalia injini ya kijani, iliyokuwa sasa nyeusi. Akaiangalia stiki ya oili na ule ukanda wa tyubu.

"Fundi, hii mbona umeifunga?"

"Inaruka."

"Inarushwa na nini?"

Vijana, nimefanya mitihani mingi ya ufundi, lakini hakuna swali lililonikalia shingoni kama lile, na lilitoka kwa mtu wa ng'ombe. Nilikuwa nimeifunga stiki ile kwa wiki nzima bila kujiuliza nani anaisukuma. Nikasema, "Mgandamizo fulani."

Mama Sekela alikuwa amesimama na sufuria mkononi. "Gesi?" akauliza.

"Gesi, ndiyo. Kila injini ina gesi kidogo inayopenya kwenye ringi inashuka tumboni. Zikiwa mpya hupenya zaidi, mpaka zikae sawa."

"Na inatokea wapi?"

Nikaanza kuitafuta njia kwa macho.

"Ng'ombe wangu yule mwekundu," akasema taratibu, "alikula majani mabichi yenye umande, akavimba tumbo upande wa kushoto mpaka akawa kama ngoma. Anatoa mate, anatoa povu, anahangaika. Gwamaka alipokuja hakumfuta mate. Alitafuta pa kuitolea gesi." Akageukia injini. "Hii zamani haikukojoa, fundi, nilikuambia. Ilianza ulipoitengeneza. Uliifunga wapi?"

Nikauangalia mfuniko wangu wa shaba. Ulikuwa unameta. Katika injini nzima ile iliyochafuka, ndicho kitu pekee kilichobaki kisafi, na nikaelewa kwa nini. Hapakuwa na pumzi iliyopita hapo.

Nikamwomba Gwamaka glovu mpya. Nikafungua mfuniko, nikavisha tundu la kumiminia oili mdomo wa ile glovu, nikaufunga kwa kamba, nikamwomba Mama Sekela awashe gari. Akaingia, akawasha. Kwanza plastiki ilitikisika tu. Kisha kiwiko kikajaa. Kisha kiganja. Kisha vidole, kimoja kimoja, tup, tup, tup, mpaka mkono mzima wa kutoka begani ukasimama wima juu ya injini, umenyoosha vidole vitano, ukiyumbayumba kwa mtetemo kama mtu anayemsalimia ndugu yake stendi. Kuku walikimbia. Gwamaka alikaa chini kwenye matope akicheka. Mama Sekela alitoa kichwa dirishani, akauona ule mkono.

"Unaomba kusema," akasema.

Nikamwashiria azime. Sasa nikaingia chini kwenye lile bomba la rangi ya fedha. Nikachukua waya, nikaingiza kwenye ile ncha ya mshazari. Ikaingia kama urefu wa kidole ikagota. Nikalifungua bomba, nikaligonga kwenye jiwe. Likatoka donge la udongo mgumu, limejengwa vizuri, lina vyumba. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga humo wakati gari limelala kwenye banda, na oili na joto vikakaanga nyumba yao ikawa tofali.

Niwaeleze taratibu, maana hata magari yenu ya leo yana jambo hili hili. Tumbo la injini lazima lipumue. Kwenye zile za kizamani hewa iliingia kupitia mfuniko wenye vitundu, zile nyuzi za chuma zikachuja vumbi. Mvuke mchafu ulitoka kwa lile bomba la ubavuni. Gari likitembea, upepo unaopita chini unauvuta utoke, ndiyo maana ncha imekatwa mshazari. Kwenye haya ya kisasa kuna mpira na kivalvu kidogo kinachorudisha mvuke ule uchomwe, na nimeona wenzenu wakiukata na kuziba kwa bolti kwa sababu "unachafua". Gari la Mama Sekela lilikuwa limezibwa bomba kwa miaka, likawa linapumulia mfuniko peke yake, hewa ikiingia na kutoka kwa tundu lilelile. Ndiyo maana mfuniko ulikuwa mchafu vile. Mimi nikauona uchafu, sikuona kwamba ndiyo pua pekee iliyobaki. Nikaivalisha kizibo cha shaba. Sili zote nilizozilaani zilikuwa nzima. Zilikuwa zinasukumwa mpaka zinasalimu amri.

Mkilipata gari linalovuja kila mahali, fungueni mfuniko wa oili injini ikiwa inawaka, muweke kiganja. Mkihisi inasukuma kwa nguvu, wekeni spana chini. Safisheni njia ya hewa kwanza. Nyuzi za mfuniko mzioshe kwa petroli, mzichovye kwenye oili kidogo, mzikung'ute. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Mimi niliifanya kwa karibu mwezi.

Nikatoboa mfuniko wa shaba? Hapana, nilirudi gereji nikapekua boksi la vyuma chakavu mpaka nikaupata ule wa zamani, nikauosha, nikaurudisha. Klachi nikaifungua, nikaikausha, nikafunga. Kazi hiyo ilichukua siku nzima iliyofuata, mvua ikinipiga mgongoni, na Mama Sekela akiniletea chai kila ikikaribia kupoa. Tulipoijaribu, tulipanda mlima na kushuka, nikaweka boksi jipya chini ya injini, tukakaa kulitazama kama watu wanaongoja yai lianguliwe. Boksi likabaki kavu.

Nikafungasha spana. Ndipo akaniambia, akiwa ameliangalia lile boksi, "Kuna kitu kimoja kimebaki kinavuja, fundi."

Nikainama haraka kuangalia.

"Si hapo."

Nilielewa. Usingizi wangu usiku ule haukuwa mrefu, na nilitunga maelezo mengi mazuri kuhusu ringi mpya na hali ya hewa. Asubuhi nikapanda Kinyala, nikafika kibandani wakati kina mama wanapanga keni. Maelezo yote yakanitoka.

"Kina mama," nikasema, "siku ile niliwadanganya. Mama Sekela hakanyagi. Gari lilivuja kwa sababu mimi nililiziba pua. Nilikuwa sijui, na nikaona aibu kusema sijui, nikamtupia yeye."

Mtu mmoja aliweka keni chini polepole. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa mwisho wa benchi, akauliza kwa Kiswahili chake cha nyumbani, "Kwa hiyo gali lilikuwa na gesi tumboni?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe fundi ukalizibia?"

"Ndiyo, bibi."

Akatikisa kichwa kwa huruma halisi. "Masikini gali," akasema, na hapo ndipo kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko, kuanzia Mama Tusajigwe. Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mimi nilisimama katikati nikisubiri ipite, kama unavyosubiri mvua ya huku kwetu, ukijua haina haraka. Ilipopita, Mama Tusajigwe alijifuta macho, akasema yule jamaa wa kirikuu aambiwe asije. Kisha akamwambia Mama Sekela, mbele ya wote, "Tusamehe, mwenzetu. Tulimsikiliza mwanaume mwenye shati safi."

Mama Sekela aliitika kwa kichwa tu, akapanda kwenye usukani. Nilipokwenda upande wa pili kufungua mlango, akanionyesha nyuma kwa kidole gumba.

"Kule kwenye keni. Ukisikia harufu, utagonga."

Nikapanda. Nilishuka mlima mzima nimekaa kati ya keni za maziwa, nimezishika zisigongane, pua yangu ikiwa juu ya mbao za bodi, nikinusa kama mbwa wa polisi. Niliambulia harufu ya maziwa ya moto, ya majani yaliyolowa, na ya mashamba ya chai tulipoyapita. Aliendesha kwa mguu mwepesi kuliko wangu. Sikugonga hata mara moja.

Kituoni Dada Bupe akafungua keni ya kwanza, akainamisha uso, akafumba macho. Sijawahi kungojea majibu ya hospitali kwa namna ile. Akafunga. Akafungua ya pili. Akaenda mpaka ya mwisho, kisha akachukua kipimo chake akaanza kumimina.

"Yamepita," akasema. Halafu akanusa hewani, akanigeukia mimi niliyekuwa nashuka kwenye bodi na ovaroli langu. "Ila huyu ana oili. Huyu mrudisheni Kinyala."

Mama Sekela alisaini daftari la mapokezi, akahesabu keni tupu, akazipanga mwenyewe. Kisha akazunguka gari, akanifungulia mlango wa mbele, upande wa abiria.

"Ingia, fundi," akasema. "Na usitengeneze kitu."

Nikaingia, nikaweka mikono magotini, nikaiacha hapohapo mpaka tukafika gereji kwangu.